Kartoni mbele ya radiateri si dawa: turudishie injini kalorstati yake

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini. Pita asubuhi na mapema kwenye vituo vya gari ziendazo Lubero, Beni ama Kasindi, utaona gari zilizozibwa pua. Moja imewekewa kipande cha kartoni nyuma ya kalandri, ule wavu wa mbele ambao upepo hupitia kwenda kwenye radiateri. Nyingine imefungiwa gunia. Nyingine imepata plastiki iliyokatwa kwenye bidoni ya manjano ya mafuta ya kupikia. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: baridi ya hapa hairuhusu injini kupata moto, na injini isiyopata moto inakunywa esansi.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na mashofere wetu si wajinga. Lakini kartoni ile inatibu ugonjwa ambao gari haikuzaliwa nao. Ugonjwa umetoka garajini, siku fundi alipotoa kalorstati na kuitupa. Na gari inapochemka njiani, anayelipa si fundi. Ni mwenye gari, ni shofere, na zaidi ya wote ni abiria aliyekwama porini na mizigo yake.

Tuanze na hali ya hewa yetu, maana watu wa mbali hushangaa wakisikia kwamba karibu kabisa na mstari wa ikweta kuna baridi. Butembo iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1700. Lubero iko juu zaidi, karibu mita 2000. Usiku joto linaweza kushuka hapa hadi digri 12 ama 15. Lakini gari hiyo hiyo inayotoka hapa ikiwa na umande kwenye vioo, saa chache baadaye iko Beni ambako ni chini na kuna joto. Ikiendelea hadi Kasindi, mpakani na Uganda, iko kwenye uwanda wa Semuliki, si mbali na Ziwa Edward ambalo maji yake yako kwenye kimo cha mita 912 hivi. Huko jua la saa nane halina huruma. Kisha gari inarudi, na kurudi ni kupanda, mara nyingi na mzigo mzito kuliko ule iliyokwenda nao.

Kwa hiyo siku moja ya kazi ina asubuhi ya baridi, mchana wa joto kali na mlima wa kupanda jioni. Kartoni iliyofungwa kwa waya saa kumi na moja alfajiri haijui kwamba mchana umefika. Inabaki pale pale ilipofungwa.

Wenzetu wa nchi za baridi kali pia huziba kalandri. Kanada na Siberia, ambako joto hushuka digri 30 chini ya sifuri na hata zaidi, malori hufungwa pazia maalum mbele ya radiateri wakati wa baridi. Urusi, watu wa kawaida wameweka kartoni na mablanketi kwenye gari zao tangu zamani. Na wazo la kuweka wavu unaofunguka na kujifunga si geni hata viwandani: kati ya vita viwili vya dunia, Rolls-Royce walitengeneza gari zenye vibao mbele ya radiateri ambavyo shofere alivifungua na kuvifunga akiwa kwenye kiti chake. Miaka ya karibuni kazi hiyo imepewa mota ndogo ya umeme inayoongozwa na kompyuta. Chevrolet Cruze Eco ya 2011 na Ford Focus ya 2012 zilikuwa nayo, na leo gari nyingi mpya zinayo.

Lakini tuangalie tofauti. Wao wanapigana na baridi ya chini ya sifuri. Sisi asubuhi yetu ni digri 13. Kwa digri 13, injini iliyo kamili haihitaji kartoni yoyote. Inajipasha moto yenyewe kwa dakika chache, sababu ndani yake kuna kifaa kidogo kilichowekwa kwa kazi hiyo hiyo: kalorstati.

Kalorstati, ambayo wengine huita thermostati, ni mlango mdogo kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa: maji yanazunguka ndani ya injini tu, hayaendi kwenye radiateri. Maji yakifika kwenye digri iliyoandikwa juu ya kifaa hicho, mara nyingi 82 ama 88, nta iliyo ndani yake inayeyuka na kupanuka, mlango unasukumwa, na maji yanaanza kwenda kupozwa. Baridi ikizidi, mlango unarudi nyuma kidogo. Joto likizidi, unafunguka zaidi. Hiyo ndiyo kartoni ya kweli, na inajifungua yenyewe bila shofere kushuka.

Sasa, kwa nini garaji nyingi zinaitoa? Gari inachemka, inaletwa garajini. Fundi anajua kuna sababu nyingi: radiateri imejaa kutu na chumvi ya maji ya mtoni, bushoni ya radiateri imelegea, ventilateri haizunguki vizuri, pompu ya maji imechoka. Kila moja inataka muda na pesa. Mwenye gari anataka gari itoke leo. Basi fundi anatoa kalorstati, maji yanapita bure muda wote, mshale unashuka, kila mtu anafurahi. Chanzo kimebaki mule mule, kimefichwa tu.

Kuanzia siku hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi kila asubuhi na kila mteremko. Kompyuta ya gari inapima maji, inaona injini bado baridi, inaongeza esansi. Mafuta ya injini yanabaki mazito. Mvuke na esansi isiyoungua vinashuka ndani ya mafuta hayo na kuyageuza tope. Shofere anaona matumizi yamepanda, anatafuta dawa, anaona jirani yake ameweka kartoni, naye anaweka. Tumeondoa mlango wenye akili ndani ya injini, tukaweka mlango usio na akili nje.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye injini nyingi za Toyota, na Toyota ndizo zimejaa barabara zetu, kalorstati ina kazi mbili. Inapofungua njia ya radiateri, papo hapo inafunga njia fupi ya kurudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, ile njia fupi inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye radiateri. Ndiyo maana gari isiyo na kalorstati inaweza kuwa baridi mno asubuhi na kuchemka mlimani mchana. Shofere anashangaa, wakati injini inafanya jinsi ilivyolazimishwa.

Ongeza hapo kimo chetu. Kila mama anayepika maharagwe hapa anajua yanachelewa kuiva kuliko kule chini. Sababu ni kwamba kwenye mita 1700 na zaidi maji hayangoji digri 100, yanachemka kwenye digri 94 hivi. Bushoni nzima ya radiateri inabana maji na kuyapa nafasi ya kupanda zaidi ya digri 110 bila kuchemka. Bushoni iliyolegea haibani kitu. Na injini yenyewe inafanya kazi karibu na digri 90. Kati ya 90 na 94 kuna nafasi gani? Digri nne tu. Tena hewa ya huku juu ni nyepesi, karibu sehemu moja ya sita chini ya ile ya pwani ya bahari, kwa hiyo hata upepo unaopita kwenye radiateri unabeba joto kidogo zaidi. Ukiweka kartoni juu ya hayo yote, unacheza kamari na kulasi yako.

Jwenti ya kulasi ikiungua, gari imesimama. Maji yanaingia kwenye mafuta, moshi mweupe unatoka nyuma, na hakuna fundi wa barabarani atakayeimaliza kazi hiyo kwa saa moja. Mahali pengine duniani hiyo ni hasara ya pesa tu. Kwetu ni zaidi. Kila mkaaji wa hapa anajua maana ya gari kuzimika kwenye barabara ya Beni–Kasindi. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza Oktoba 2014, na hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Mei 2021 haikuondoa hofu njiani. Watu wanahesabu saa ili wafike kabla ya giza. Gari iliyochemka haihesabu saa. Ndiyo maana naliandika jambo hili la kartoni kama jambo la jamii, si la mafundi peke yao.

Wengine watasema: lakini esansi ni ghali, acha mtu aokoe anachoweza. Sawa, tufanye hesabu pamoja. Kuziba kalandri kunaleta faida mbili. Ya kwanza ni injini kupata moto haraka, na hiyo kalorstati inaifanya tayari. Ya pili ni upepo: gari iliyozibwa pua inapasua hewa kwa urahisi zaidi. Lakini nguvu ya upepo inategemea mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakupinga mara nne. Kwenye barabara za lami za Ulaya ama Marekani, mtu anayekwenda kilomita 110 kwa saa muda mrefu anaweza kuona tofauti. Kwenye mashimo na matope yetu, kwa kilomita 30 ama 40 kwa saa, upepo haujawa adui. Adui ni breki, mashimo, gia ya kwanza na mzigo.

Tuseme gari yako inakunywa litri 10 kwa kilomita 100. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kwa hiyo ni karibu litri 5 na nusu. Hata tukikubali kwamba kalandri iliyozibwa inaokoa 3 kwa 100, na kwa mwendo wetu ni vigumu kufika hapo, umeokoa nusu ya chupa ndogo ya maji. Linganisha na bei ya kufungua kulasi. Linganisha na siku gari inazolala garajini huku mwenye gari akidai pesa yake ya kila siku.

Matairi yenye upepo wa kutosha, filta safi ya hewa na kalorstati nzima vitakuokolea zaidi kuliko kartoni yoyote.

Pamoja na hayo, sitaki kuwaambia watu waache kubuni. Butembo ni mji wa watu wanaojitengenezea. Anayeishi Lubero juu, anayeondoka alfajiri kila siku, ama mwenye gari ya mazuti inayochelewa sana kupata moto, anaweza kuwa na haki ya kutaka wavu wa kufunga. Ninachosema ni hiki: kama utaziba, weka kitu kinachofunguka, na ambacho kikiharibika kinabaki wazi. Viwanda vinavyotengeneza wavu huo vinafuata kanuni hiyo: kompyuta ikipoteza habari ama injini ikizidi joto, vibao vinafunguka. Tunaweza kufanya hivyo kwa vifaa vya soko letu.

Unahitaji fremu nyepesi ya alumini yenye ukubwa wa nafasi ya kalandri. Vibao vyake, vya upana wa vidole vinne, unaweza kuvikata kwenye bidoni ngumu ama kwenye alumini nyembamba. Kila kibao kinapitishiwa waya wa gurudumu la baiskeli katikati ili kizunguke kama ukurasa wa kitabu. Fimbo moja ndogo inaunganisha vibao vyote kwa pembeni ili vigeuke pamoja. Halafu kabo ya breki ya baiskeli inatoka kwenye fimbo hiyo hadi ndani, karibu na goti la shofere.

Sasa sikiliza vizuri, maana siri iko hapa. Resori ivute vibao vifunguke, na kabo ivute vifungwe. Siyo kinyume. Kabo ikikatika, resori inafungua na injini inapumua. Ukiweka kinyume, siku kabo itakapokatika utakuwa na kartoni tena, safari hii ya alumini.

Mambo mengine ni ya kuheshimu tu. Usizibe kalandri yote. Acha sehemu moja ya tatu wazi daima. Ziba sawasawa kushoto na kulia, ili ventilateri isivute hewa upande mmoja. Usibandike kitu chochote juu ya mapezi ya radiateri yenyewe; acha nafasi ya vidole vinne ili hewa ipate pa kuzunguka. Angalia gari yako inapozia wapi vitu vingine: zenye gia za otomatiki nyingi hupoza mafuta ya gia ndani ya radiateri hiyo hiyo, na zenye turbo zina radiateri nyingine ya hewa ambayo haitakiwi kuzibwa kabisa. Njia ya hewa inayoingia kwenye injini pia usiiguse.

Na usitegemee mshale wa tablo peke yake. Kwenye gari nyingi za leo mshale huo umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda digri kumi, ili usimtishe mtu. Unaposogea kuelekea nyekundu, mara nyingi umeshachelewa. Kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la kompyuta ya gari na kuonyesha digri halisi kwenye simu. Kama gari yako inakikubali, kinunue kabla ya kufikiria wavu. Kama huna, sikiliza ventilateri ya umeme: ikianza kuzunguka mara kwa mara wakati gari inakwenda kwenye tambarare, injini inakuambia umeziba mno. Na kanuni ya mlima iwe moja bila majadiliano: kabla ya kupanda, vibao wazi.

Hapo nawaona mafundi wananiuliza: kalorstati za sokoni nyingi ni bandia, zinakwama zikiwa zimefungwa, tufanyeje? Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kuijaribu kalorstati hakuhitaji mashine. Ifunge kwa uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji juu ya makaa, isiguse chini, na uweke thermometa pembeni. Ya 82 ianze kufunguka karibu na 82, ya 88 karibu na 88. Hata hapa Butembo, ambako maji yanachemka kwenye 94, sufuria inatosha kwa kazi hiyo. Ikikataa kufunguka, mrudishie muuzaji. Ikifunguka, iache ipoe uone kama inajifunga. Dakika kumi tu, tena mbele ya macho ya mteja. Fundi atakayefanya hivyo atapata wateja wengi kuliko yule mwenye mkono mwepesi wa kutoa na kutupa.

Wenye gari nao wasijifiche nyuma ya shofere. Mtu anayedai pesa yake kila jioni bila kukosa, lakini hataki kulipia bushoni mpya ama kusafisha radiateri, huyo ndiye aliyefunga kartoni ile kwa mkono wake. Shofere anafunga waya tu.

Vyama vya mashofere vinaweza kufanya jambo moja rahisi, lisilohitaji sheria kutoka Kinshasa: gari ya abiria isitoke kituoni ikiwa na kartoni, gunia ama plastiki iliyofungwa mbele ya radiateri isiyofunguka kutoka ndani. Wanaoangalia hesabu ya abiria na mizigo wako pale kila asubuhi. Waangalie na pua ya gari. Kazi ya sekunde tano.

Na wewe abiria, una macho na una mdomo. Kabla ya kupanda, zunguka mbele ya gari. Ukiona kartoni, muulize shofere kwa heshima: baba, hii utaitoa wapi? Kama hana jibu, tafuta gari nyingine. Umelipa ufike, hukulipa ulale njiani.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, na nyufa zetu zinajulikana: bushoni iliyolegea, radiateri iliyojaa kutu, kalorstati iliyotupwa kwenye uchafu wa garaji. Hizo ndizo za kuziba. Pua ya gari tuiache ipumue.